Vikomo vya Pensheni: Jinsi Programu ya Mishahara Inavyopaswa Kuhesabu Akiba Yako ya Uzeeni

Wafanyakazi wengi hutazama mstari mmoja tu kwenye hati ya mshahara, ile wengi huiita pesilipu: pesa zinazobaki mwishoni. Mistari ya juu yake hupitwa haraka. NSSF, mfuko wa pensheni, kodi ya PAYE, bima ya afya ya SHA, ada ya nyumba, Sacco. Kila mmoja una nambari yake, na nambari hizo mtu hudhani zimehesabiwa na kompyuta, kwa hivyo haziwezi kuwa na makosa.

Kompyuta haijui sheria. Inajua alichoambiwa na mtu aliyeipanga, na kwa malipo ya uzeeni kuna mengi ya kuiambia. Sheria ya Kenya imeweka vikomo kadhaa juu ya akiba ya kustaafu, na si vya aina moja. Kuna kikomo kinachozuia makato yasipande, kuna kinachozuia nafuu ya kodi isipite kiwango fulani, na kingine kinahakikisha mfanyakazi haendi nyumbani mikono mitupu. Programu ikivichanganya, anayeumia ni mwenye mshahara, mara nyingi kwa miezi mingi kabla hajagundua.

Somo hili linafaa watu wawili hapa Kakamega. Wa kwanza ni karani au mhasibu anayeandaa mishahara, awe katika ofisi ya umma, shule ya binafsi ya Lugari au duka la vifaa vya ujenzi mjini Mumias lenye wafanyakazi wanne. Wa pili ni mfanyakazi mwenyewe, ambaye kwa kalamu na simu yenye kikokotoo anaweza kujikagulia.

Mifuko mingi, mfanyakazi mmoja

Zamani hesabu ilikuwa nyepesi. Mtu wa serikali alikuwa na pensheni ya serikali, mtu wa baraza la mji alikuwa na mfuko wa mabaraza, na aliyeajiriwa kwingine alikatwa NSSF Sh200 kwa mwezi, basi.

Mambo yalibadilika kwa hatua. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kaunti zilirithi wafanyakazi wa mabaraza ya mitaa, na hapa kwetu hao walitoka katika mabaraza kama Manispaa ya Kakamega na ile ya Mumias. Wengi wao walikuwa wanachama wa LAPFUND au LAPTRUST, mifuko iliyoundwa kwa ajili ya wafanyakazi wa serikali za mitaa. Wengine, hasa wa afya na kilimo, walitoka serikali kuu wakiwa na masharti yao ya pensheni. Walioajiriwa baadaye na kaunti waliingia katika mipango mingine. Kwa hivyo katika idara moja unaweza kuwakuta watu watatu wanaofanya kazi ileile, kila mmoja akiwa na mfuko wake.

Juu ya hayo ikaja Sheria ya NSSF ya mwaka 2013. Ilikaa mahakamani kwa miaka, hadi uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa Februari 2023 ulipofungua njia ya kuanza kutumika. Tangu hapo mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mapato yake na mwajiri huongeza asilimia 6 nyingine, ndani ya vikomo vilivyowekwa. Kisha wapo walioamua kuongeza mpango wa binafsi wa pensheni, wakalipia kupitia mshahara.

Hivyo ndivyo mtu mmoja anavyojikuta na mifuko mitatu. Swali ambalo programu ya mishahara lazima ilijibu ni hili: kikomo cha sheria kinahesabiwa kwa kila mfuko peke yake, au kwa mifuko yote ikiwekwa pamoja? Jibu hutegemea ni kikomo kipi.

Kikomo cha NSSF kinahusu makato yenyewe

Huu ndio rahisi kuliko vyote, na hata hivyo hukosewa.

Sheria ina kikomo cha chini na cha juu cha mapato. Asilimia 6 ya mapato hadi kikomo cha chini huitwa daraja la kwanza. Asilimia 6 ya mapato yaliyo kati ya vikomo hivyo viwili ni daraja la pili. Mapato yaliyo juu ya kikomo cha juu hayaguswi na NSSF. Daraja la kwanza ni lazima liende NSSF. La pili linaweza kupelekwa katika mfuko mwingine ulioidhinishwa, ikiwa mwajiri amepata kibali kwa Mamlaka ya Kusimamia Malipo ya Kustaafu, RBA.

Vikomo vyenyewe vimekuwa vikipanda kila Februari. Mwaka 2023 vilikuwa Sh6,000 na Sh18,000, kwa hivyo makato ya juu kabisa ya mfanyakazi yalikuwa Sh1,080. Mwaka 2024 vikawa Sh7,000 na Sh36,000, makato Sh2,160. Mwaka 2025 vikafika Sh8,000 na Sh72,000, makato Sh4,320. Kuanzia Februari 2026 ni Sh9,000 na Sh108,000: daraja la kwanza Sh540, la pili Sh5,940, jumla Sh6,480 kutoka kwa mfanyakazi na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri.

Nambari hizo hazikuchaguliwa ovyo. Kikomo cha juu kilianza kikiwa nusu ya wastani wa mapato nchini, kikawa sawa nao, kisha mara mbili, sasa mara tatu, na ratiba ya sheria inasema mwaka wa tano kiwe mara nne. Karani aliyeandika 108,000 ndani ya fomula ya Excel atalazimika kuitafuta tena na kuibadilisha. Aliyeiweka katika jedwali lake, pamoja na tarehe ya kuanza kutumika, ataongeza mstari mmoja tu.

Tarehe ndiyo kiini cha mambo. Mfumo mzuri haufuti kikomo cha zamani. Hukihifadhi na kuandika kilianza lini na kikaisha lini. Mfanyakazi aliyepandishwa cheo akilipwa malimbikizo ya mwaka jana, au kosa la mwaka juzi likisahihishwa, programu inapaswa kurejea sheria ya mwezi husika. Yenye kisanduku kimoja tu cha kikomo itahesabu mwezi wa Machi 2024 kwa sheria ya Machi 2026, na makato yatatoka makubwa bila sababu.

Kikomo cha kodi hukusanya mifuko yote katika kapu moja

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hivyo inafaa kwenda polepole.

Sheria ya Kodi ya Mapato humruhusu mfanyakazi kuondoa michango yake ya pensheni katika mapato kabla kodi haijahesabiwa. Lakini haimruhusu kuondoa kiasi chochote atakacho. Anaondoa kiasi kidogo kuliko vyote kati ya vitatu: michango yake halisi, asilimia 30 ya mapato yake ya ajira yanayotozwa kodi, au kikomo cha shilingi. Kwa muda mrefu kikomo hicho kilikuwa Sh20,000 kwa mwezi. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya mwaka 2024 ilikipandisha hadi Sh30,000 kwa mwezi, yaani Sh360,000 kwa mwaka, kuanzia 27 Desemba 2024.

Neno la kuangalia ni "michango yake". Si mchango wa mfuko mmoja, bali yote pamoja: NSSF, mfuko wa mwajiri na mpango wa binafsi uliosajiliwa. Yote huingia katika kapu moja, kisha kapu ndilo linalopimwa.

Chukua mfano wa afisa anayepata Sh150,000 kwa mwezi, ambapo mshahara wa msingi ni Sh100,000. NSSF inamkata Sh6,480. Mfuko wa mwajiri unachukua asilimia 12 ya mshahara wa msingi, Sh12,000. Ana mpango wake binafsi wa Sh15,000. Kapu lina Sh33,480. Asilimia 30 ya mapato yake ni Sh45,000, kwa hivyo hapo hana tatizo. Lakini kikomo cha shilingi ni Sh30,000, nacho ndicho kidogo kuliko vyote vitatu. Ataondolewa Sh30,000 kabla ya kodi, na Sh3,480 zilizobaki zitatozwa kodi kama mapato mengine. Kwa kiwango chake cha asilimia 30, hiyo ni Sh1,044 kwa mwezi.

Sasa tazama jinsi programu inavyoweza kukosea. Programu nyingi huruhusu kila aina ya makato kuwekewa kikomo chake. Karani anaandika 30,000 kwenye mstari wa NSSF, 30,000 kwenye mfuko wa mwajiri na 30,000 kwenye mpango wa binafsi. Kila mstari unapita mtihani wake, maana hakuna hata mmoja uliofikia 30,000. Programu inaondoa Sh33,480 zote. Kodi ya afisa huyu imepungua kwa Sh1,044 kila mwezi, Sh12,528 kwa mwaka, na hakuna aliyeona kosa kwa sababu kila mstari ukiutazama peke yake ni sahihi. KRA ikikagua, deni linamrudia mwajiri, pamoja na adhabu na riba, naye ataanza kumtafuta mfanyakazi.

Kosa la pili huenda upande wa pili. Mwajiri ambaye hakubadilisha kikomo cha zamani cha Sh20,000 anamtoza afisa yuleyule kodi juu ya Sh10,000 ambazo sheria imezisamehe. Hiyo ni Sh3,000 kila mwezi, Sh36,000 kwa mwaka. Sheria ilianza tarehe 27 Desemba, siku ambayo waajiri wengi huwa wameshalipa mishahara na kufunga ofisi kwa Krismasi, kwa hivyo si ajabu badiliko kama hilo likasahaulika. Aliye na michango zaidi ya Sh20,000 kwa mwezi afungue pesilipu ya Januari 2025 na zilizofuata.

Kosa la tatu ndilo la kushangaza, nalo hutokana na kutoelewa kikomo ni cha nini. Mpangaji anaona "kikomo Sh30,000" na kuiamuru programu ikate mchango uishie hapo. Mfanyakazi aliyetaka kuweka Sh33,480 anajikuta akiweka Sh30,000, na uzeeni akiba yake inapungua. Sheria haimkatazi mtu kuweka akiba zaidi. Inachosema ni kwamba serikali haitamsamehe kodi kwa kile kilichozidi. Kikomo cha NSSF huzuia makato, kikomo hiki huzuia nafuu. Ni vitu viwili, na katika programu vinapaswa kukaa mahali pawili tofauti.

Wenye mshahara wa wastani wasidhani jambo hili ni la wakubwa pekee. Mhudumu anayepata Sh55,000, mshahara wa msingi ukiwa Sh40,000, hukatwa NSSF Sh3,300 na mfuko wa mwajiri Sh4,800. Akiamua kujibana na kuweka Sh10,000 katika mpango wa binafsi, labda kwa sababu amebakiza miaka michache, kapu lake lina Sh18,100. Hajakaribia Sh30,000. Lakini asilimia 30 ya Sh55,000 ni Sh16,500, na hicho ndicho kikomo chake. Sh1,600 zilizozidi zitatozwa kodi ya Sh480 kwa mwezi. Programu inayopima shilingi pekee na kusahau asilimia haitaliona hilo.

Kuna pia mambo ambayo programu ya mwajiri haiwezi kuyaona hata ikipangwa vizuri vipi. Daktari anayefanya kazi hospitali ya umma mchana na kliniki ya binafsi jioni ana waajiri wawili, na kila mmoja anahesabu kapu lake. Vilevile mtu anayelipia pensheni ya binafsi moja kwa moja kutoka benki au kwa simu, bila kupitia mshahara. Hawa hesabu yao hukamilika wanapowasilisha ripoti ya kodi ya mwaka kwenye iTax kabla ya 30 Juni. Huko kapu ni la mwaka mzima, Sh360,000. Mwenye waajiri wawili anaweza kukuta anadaiwa, na aliyelipia benki akakuta anadai.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 iliongeza jambo moja la kumsaidia mfanyakazi: mwajiri anatakiwa kutumia nafuu zote anazostahili mfanyakazi wakati wa kuhesabu PAYE, badala ya kumwachia azidai mwenyewe mwisho wa mwaka. Ndiyo sababu mwenye mpango wa binafsi anapaswa kupeleka ushahidi wa michango yake katika ofisi ya mishahara mapema.

Theluthi inayobaki

Kikomo cha tatu hakimo katika sheria ya pensheni bali katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Makato yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Katika utumishi wa umma kanuni hii hupimwa kwa mshahara wa msingi: lazima theluthi moja ibaki mkononi.

Kwa mtu asiye na mkopo kanuni hii haina kazi. Lakini katika kaunti ambako mkopo wa Sacco ndio unaolipa karo, kununua ploti na kumalizia nyumba ya wazazi, watu wengi huishi wakiwa wamefika ukingoni kabisa.

Chukua mfanyakazi anayepata Sh90,000 kwa jumla, mshahara wa msingi Sh66,000. Theluthi yake ni Sh22,000. Januari 2026, baada ya kodi, NSSF, mfuko wa pensheni na mikopo, alibaki na Sh22,500. Yuko ndani ya sheria kwa Sh500. Februari kikomo cha NSSF kikapanda. Makato yake yalitoka Sh4,320 hadi Sh5,400, ongezeko la Sh1,080. Kwa kuwa mchango huo huondolewa kabla ya kodi, PAYE yake ikapungua kwa Sh324. Kilichopungua mfukoni ni Sh756, na sasa anabaki na Sh21,744. Amevunja kikomo kwa Sh256 bila kukopa hata senti.

Programu ifanye nini? Haiwezi kupunguza NSSF wala kodi, maana hayo ni makato ya lazima. Iliyopangwa vibaya itaondoa kimya kimya makato ya mwisho katika orodha, ambayo kwa kawaida ni ya Sacco au benki. Mfanyakazi anaona mshahara umeongezeka ghafla, anashukuru Mungu, anautumia. Miezi miwili baadaye Sacco inawapigia wadhamini wake simu. Wadhamini hao ni wenzake wa ofisi moja, pengine shemeji yake.

Programu iliyopangwa vizuri husimama na kuonya kabla ya mshahara kulipwa. Inatoa orodha ya majina yaliyoshuka chini ya theluthi na kiasi kilichopungua, ofisi inamwita mhusika, naye anakwenda Sacco kuomba mkopo urefushwe kwa miezi michache. Kazi ya mpangaji ni kuipa programu mpangilio wa makato, yapi ya kwanza na yapi ya mwisho, na kuiagiza isiondoe chochote bila mtu kuidhinisha. Kwa kuwa vikomo vya NSSF hupanda Februari, jaribio hili lifanywe Januari.

Siku ya kulipwa

Vikomo haviishii kazini. Siku ya kustaafu ikifika, programu za upande wa malipo nazo zina vyao.

Mwalimu aliye chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, hulipwa kwa fomula inayojulikana: miezi ya utumishi igawanywe kwa 480, kisha izidishwe kwa mshahara wa mwaka unaostahili pensheni. Aliyetumikia miezi 360 akiwa na mshahara wa Sh60,000 kwa mwezi, yaani Sh720,000 kwa mwaka, anastahili Sh540,000 kwa mwaka. Anaweza kuibadilisha robo ya pensheni hiyo, Sh135,000, iwe mkupuo kwa kuizidisha mara 20: Sh2,700,000 kwa pamoja. Robo tatu iliyobaki humpa Sh33,750 kila mwezi. Karibu kila anayestaafu huchagua mkupuo.

Lakini 1 Januari 2021 ulianza mpango mpya wa watumishi wa umma, PSSS, ambapo mtumishi huchangia asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali asilimia 15. Waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa. Wa umri huo na zaidi walichagua. Kwa aliyeingia, utumishi umekatika vipande viwili. Miezi ya fomula ya zamani inaishia 31 Desemba 2020, na baada ya hapo ni akiba inayokua kwa riba. Mfumo unaohesabu miezi hadi leo kwa fomula ya zamani utamwonyesha mwalimu ndoto. Tarehe tena.

Kuhusu mkupuo, mifuko ya pensheni iliyosajiliwa RBA huruhusu hadi theluthi moja ya akiba ichukuliwe kwa pamoja, na sehemu iliyobaki humpa mstaafu malipo ya kila mwezi. Mifuko ya akiba kama ile ya aina ya provident hulipa yote kwa mkupuo. Hapa kila mfuko huhesabiwa peke yake. Hakuna kapu. Aliyezoea kujumlisha mifuko kwa ajili ya kodi asijumlishe hapa.

Kodi ya malipo ya uzeeni nayo imebadilika. Awali Sh25,000 za kwanza za pensheni ya mwezi hazikutozwa, na waliofika miaka 65 walisamehewa kabisa. Tangu 27 Desemba 2024, anayelipwa baada ya kufika umri wa kustaafu uliowekwa na kanuni za mfuko wake hatozwi kodi, wala anayestaafu mapema kwa sababu ya ugonjwa, wala anayetoa akiba baada ya miaka 20 ya uanachama. Mstaafu wa miaka 62 anayepokea Sh33,750 na bado anaona mstari wa kodi kwenye taarifa yake ana sababu ya kuuliza. Anayetoa akiba mapema kuliko hapo bado hutozwa.

Kuijaribu programu kabla haijagusa mshahara wa mtu

Mashirika ya umma yamekuwa yakihama kutoka mfumo wa zamani wa mishahara, IPPD, kwenda mfumo wa pamoja wa rasilimali watu, HRIS-Ke. Waajiri wadogo wananunua programu za kampuni au wanabaki na Excel. Msimamizi wa Bajeti naye amekuwa akizikosoa kaunti, ripoti baada ya ripoti, kwa sababu ya mishahara inayolipwa nje ya mfumo kwa mkono, ambako hakuna jedwali la vikomo wala onyo la theluthi. Kila kuhama ni nafasi ya kusahihisha makosa au kuyabeba kama yalivyo.

Njia ya kujaribu ni kuunda wafanyakazi wa kubuni na kuona programu inawafanyia nini. Kwa NSSF ya 2026, mwenye Sh7,000 akatwe Sh420. Mwenye Sh9,000, Sh540. Mwenye Sh108,000, Sh6,480. Mwenye Sh250,000, Sh6,480 vilevile. Kwa kodi, mpe mmoja michango ya Sh30,000 kamili katika mifuko mitatu na mwingine Sh30,001. Mshahara wao ukiwa sawa, mapato yanayotozwa kodi yasitofautiane hata kwa shilingi moja. Mpe mwingine Sh25,000, kisha mrudishe Novemba 2024 uone kama programu itakumbuka kwamba wakati huo kikomo kilikuwa Sh20,000. Mweke mmoja juu ya theluthi kwa Sh100 na upandishe NSSF. Hesabu ya mkono iandaliwe kwanza, na mtu mwingine asiye aliyeipanga programu. Aliyepanga hujaribu yale aliyoyafikiria, na makosa hukaa katika yale ambayo hakuyafikiria.

Kwa mfanyakazi, ukaguzi ni wa dakika kumi. Jumlisha mistari yote ya akiba ya uzeeni kwenye pesilipu. Hesabu asilimia 30 ya mapato yanayotozwa kodi. Chukua iliyo ndogo kati ya hizo mbili na Sh30,000, na uilinganishe na kiasi ambacho pesilipu inaonyesha kimeondolewa kabla ya kodi. Kisha gawanya mshahara wa msingi kwa tatu na uangalie kilichobaki mkononi.

Jambo moja zaidi, ambalo programu bora kabisa haliwezi kulitatua: makato yaliyo kwenye pesilipu si ushahidi kwamba pesa zimefika kwenye mfuko. Madeni ya michango ambayo haikuwasilishwa, mengine yakiwa ya tangu enzi za mabaraza ya mitaa, yamejadiliwa mara nyingi katika Seneti, na wastaafu kote nchini wamesubiri malipo kwa sababu hiyo. Michango ya NSSF inapaswa kuwasilishwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Taarifa ya mwanachama ya NSSF hupatikana katika tovuti yake au kaunta yake katika Huduma Centre ya Kakamega, ukiwa na kitambulisho. Mifuko mingine hutoa taarifa kwa mwanachama kila mwaka. Linganisha miezi na pesilipu zako, mmoja mmoja.

Ukikuta tofauti, anza kwa barua kwa ofisi ya rasilimali watu ya mwajiri wako ukiambatisha nakala za pesilipu za miezi husika, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Kodi iliyozidi hudaiwa kupitia iTax baada ya ripoti ya mwaka. Malalamiko dhidi ya mfuko ambayo wadhamini wake hawakuyatatua hupelekwa kwa RBA, kwa maandishi.